Majani Matupu

Wifi yangu alikuwa mpiga pasi. Si pasi ya nyumbani, ya mashati mawili matatu. Alifanya kazi kwenye kampuni inayofua mashuka na taulo za mahoteli, na kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ndefu inayotoa mvuke, shuka baada ya shuka, tangu asubuhi mpaka alasiri. Wenzake walimwita Pasi, na jina alilipenda. "Mimi nikipita juu ya jambo," alikuwa akisema, "halibaki na mkunjo." Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mume wangu, kwa hiyo nyumbani kwetu neno lake lilikuwa zito. Mwili wake ulikuwa mzito pia, wala hakuona haya. Mtu akimtania, alijibu kwamba wembamba ni wa sindano, na sindano kazi yake kuchoma watu.

Kilichomtesa ni magoti. Mwaka ule yalianza kulia kama bawaba za mlango wa zamani. Ikafika mahali akawa anapiga pasi huku ameegemeza tumbo mezani, na msimamizi wake akaanza kupita pale mara kwa mara, anamtazama miguu bila kusema kitu. Daktari wa mifupa alimpiga picha, akamweleza waziwazi: goti la kulia limelika, lazima libadilishwe, lakini hataligusa kwa kisu mpaka mgonjwa apunguze kilo ishirini. Akampa miezi sita, na vidonge vikali vya maumivu vya kumsogeza siku hadi siku.

"Kilo ishirini!" Wifi aliniambia mchana ule, amekaa kwenye benchi la wateja katika duka langu la ushonaji. "Wifi, hizo si kilo. Huyo ni mtoto wa darasa la pili. Nimtoe wapi mimi?"

Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kumtoa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi na ya sherehe, na mwanamke akivua koti nimpime, hunivulia na moyo wake. Najua nani amenenepa baada ya kujifungua, nani ameambiwa neno na mumewe, nani anajibana pumzi ili utepe udanganye. Miezi michache kabla ya hapo alikuja mteja mmoja ambaye kila mtu alimwita Nyigu, kwa sababu ya kiuno chake. Alipomaliza kupimwa alifungua mkoba, akatoa kopo la plastiki lenye picha ya jani la kijani.

"Majani matupu, dada," aliniambia. "Majani na mizizi. Mbuzi anakula majani maisha yake yote, umewahi kuona mbuzi kalazwa hospitali?"

Nilicheka, nikachukua kopo moja. Nilianza kumeza mwenyewe. Wiki ya kwanza njaa ilipotea kama haijawahi kukaa kwangu. Sahani ya chakula niliitazama kama mtu anavyotazama kiatu cha mwenzake. Lakini mdomo ulikauka, nikawa kama nimetafuna pamba, na moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu kwenye cherehani. Usingizi ukanikimbia. Nilipomuuliza Nyigu, alinijibu bila kufikiri: "Hiyo ni sumu inatoka mwilini. Ukiona hivyo ujue inafanya kazi." Nilimwamini, kwa sababu sketi zangu zilikuwa zinalegea.

Wateja wakaona. "Fundi, umefanya nini?" Ndivyo nilivyoanza kuwauzia, kutoka kwenye droo ya chini ya nyuzi. Walifika tisa. Wa kumi akawa Wifi, na yeye sikumuuzia, nilimpa kwa mapenzi.

Aliligeuzageuza lile kopo mkononi, akasoma maandishi madogo kwa kulisogeza mbali na macho. "Havigombani na vidonge vyangu vya goti?"

"Majani yagombane na nini?" nilimjibu.

Sikumuuliza mtu. Sikufungua hata simu kutafuta. Lile jibu nililitoa huku nimeshika pini mdomoni, nikitafuta mshono.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Wifi alipungua kilo tano, halafu nane, halafu tisa. Alikuja dukani akajizungusha mbele ya kioo kikubwa, goti likamkata kauli, akakaa chini huku anacheka. Mume wangu, aliyedhani ni ushauri wangu wa chakula tu, akanishukuru. "Umemwokoa dada yangu," aliniambia, na mimi nikavimba kichwa.

Kisha mambo yakaanza kwenda upande. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Wifi aliunguza shuka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alitokwa jasho akiwa amekaa kivulini, na mara nyingine alikuwa akikatiza maneno katikati na kuuliza tulikuwa tunazungumza nini. Nilimwambia ni mafuta yanayeyuka. Wiki ya saba mizani ikagoma, haishuki tena, na goti nalo likawaka moto. Yeye, akihesabu siku zilizobaki kwa daktari wa mifupa, akaongeza vyote viwili: vya kopo akameza mara mbili, na vya maumivu mara mbili. Aliniambia hivyo kwa simu siku ya Alhamisi. Nilisema, "Usizidishe sana, wifi." Ndivyo nilivyosema tu.

Ijumaa asubuhi walimpigia mume wangu simu kutoka kazini kwake. Tulimkuta ameketishwa kwenye rundo la taulo chafu, macho yamemtoka, mwili unawaka, taya zinagongana. Hakututambua. Mikono yake ilikuwa inakunja hewa: anashika pembe mbili, anazikutanisha, ananyoosha, anaweka pembeni, anaanza upya. Mwenzake mmoja alikuwa analia. "Amekunja hivyo tangu tufike," alisema. "Tukimshika mikono anapiga kelele."

Hospitali walimpokea haraka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele amezifunga kwa mpira wa kubania karatasi. Aliuliza maswali huku anafanya kazi. Alianza lini? Ana sukari? Ana presha? Anatumia dawa gani?

Mume wangu akamtajia vidonge vya goti, akatoa na pakiti yenyewe mfukoni.

"Kingine? Dawa za mitishamba, virutubisho, vitu vya kupunguza uzito? Chochote, hata kama kinaonekana kidogo."

Mume wangu alinigeukia. Mambo ya wanawake aliniachia mimi siku zote.

"Hapana," nilisema. "Hakuna."

Nimejiuliza mara nyingi neno lile lilitoka wapi. Sikulipanga. Niliiona droo yangu, nikaona wale wanawake tisa, nikaona uso wa mume wangu ukibadilika pale pale mbele ya watu, na ulimi ukanitangulia. Baadaye nikajifariji: ni majani, majani hayawezi kufanya haya. Lakini mimi nilikuwa nimelala macho wiki nzima kwa majani hayo hayo, moyo ukinidunda masikioni. Nilijua. Mtu anaweza kujua jambo na bado akalikalia.

Walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Wakamchoma mgongoni kutoa maji ya kupima, wakamwekea dawa za kuua vijidudu. Na kwa kuwa kila walipomgeuza alilia kwa ajili ya goti, daktari akamwandikia sindano ya maumivu, dawa ya aina ile ile ya vidonge vyake. Ilikuwa huruma. Walimchoma Ijumaa jioni, wakamchoma tena Jumamosi asubuhi.

Kila baada ya sindano alizidi. Miguu ikawa inaruka yenyewe, muuguzi akigusa kidogo tu kisigino, mguu mzima unapigapiga kama cherehani iliyokosa breki. Joto lilipanda mpaka muuguzi akarudia kupima akidhani kipimo kimeharibika. Wakamvua nguo, wakamfunika mashuka mabichi. Majibu ya maji ya mgongo yakarudi: hakuna kitu. Daktari alisimama miguuni pa kitanda na karatasi mkononi, nikamwona anauma mdomo. "Kuna kitu hatukioni," alimwambia muuguzi. "Kuna kitu tu."

Nilitoka kwenye korido, nikampigia Nyigu. Nilimweleza kwa haraka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umeshataja?"

"Bado."

"Basi usitaje. Dada, nisikilize. Mimi hapo hakuna anayenijua. Aliyempa ni wewe. Ukifungua mdomo, unajifunga mwenyewe."

"Lakini ndani kuna nini? Niambie tu kuna nini, niwaambie!"

"Mimi nauza, sipiki," alisema, na simu ikakatika. Nilipiga tena mara sita. Haikupatikana, na mpaka leo haijapatikana.

Nilirudi wodini. Mume wangu, mtu anayechomelea mageti ya chuma na hajawahi kulia mbele yangu hata siku ya kumzika baba yake, alikuwa amepiga magoti akimwagia dada yake maji miguuni kwa kikombe. "Dada, usiniache," alikuwa anasema. "Dada, mimi nitabaki na nani?" Na Wifi, macho juu darini, bado anakunja mashuka ambayo hayapo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mimi nilikuwa nayaficha maradhi ya mwenzangu, na kifo kilikuwa kinamtafuta yeye. Nilimfuata daktari, nikamshika mkono wa koti.

"Kuna vidonge," nilisema. "Vya kupunguza uzito. Nilimpa mimi. Wiki saba. Na wiki hii alizidisha."

Alinitazama. "Jana nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Jana nilikuuliza, na leo asubuhi nimemwandikia..." Aliondoka mbio, nikamsikia akiita, "Acheni ile sindano! Acheni ya maumivu, msimpe tena hata tone!"

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Nilinyoosha mkono nichukue kikombe nimsaidie, akakirudisha kifuani.

"Niachie," alisema. Hilo ndilo neno pekee nililopata kwake kwa siku nne.

Nilikimbia nyumbani kuleta kopo. Mfamasia wa hospitali, mzee mwembamba mwenye miwani, alifungua kidonge kimoja juu ya karatasi nyeupe. Unga ulimwagika. Juu kulikuwa na vumbi kidogo la kijani. Chini yake, unga mweupe kama chaki.

"Wanasema ni majani?" aliniuliza.

"Majani matupu."

"Haya ni majani gani meupe, mama?"

Alinieleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba anayemweleza hawezi kuumia zaidi. Vidonge vya namna hiyo alishawahi kuvikuta. Mara nyingi mtu huchanganya humo dawa halisi ya viwandani ya kuua hamu ya kula, inaitwa sibutramini, iliyoondolewa sokoni zamani kwa sababu ilikuwa inapandisha presha na kuangusha watu kwa moyo na kiharusi. Kwenye kopo haiandikwi, maana ikiandikwa hakuna atakayeruhusu iuzwe. Na dawa hiyo ikikutana na vile vidonge vya goti, zote mbili zinausukuma ubongo upande mmoja, mpaka mishipa inapagawa na mwili unachemka wenyewe.

"Kwa hiyo sindano za hapa..." nilianza.

"Daktari alimtibu mgonjwa aliyeelezwa," alisema. Akakunja ile karatasi, akaiweka kwenye bahasha ya kupeleka maabara. Kisha akainua macho. "Wengine wangapi?"

"Tisa."

"Basi unafanya nini hapa?"

Sikungoja tena. Wale wanawake niliwapigia simu, na ambao hawakupokea niliwafuata kwa miguu. Jumapili nzima na Jumatatu nilibisha hodi. Bibi harusi mmoja alinipa kopo lake bila swali, akakaa kitandani, akaniambia amekuwa akisikia moyo wake unaruka, alidhani ni hofu ya ndoa. Muuza matunda alitupa vyake chooni mbele yangu, akanitukana mpaka majirani wakatoka. Nilisimama nikasikiliza mpaka akamaliza, kwa sababu ilikuwa haki yake. Mwingine alishika mdomo. "Nampa na binti yangu," alisema. "Nusu nusu. Ana miaka kumi na tano, wenzake wanamcheka shuleni." Tulimchukua yule binti kutoka darasani, tukampeleka kupimwa presha, na namba ziliposomwa mama yake aliketi sakafuni. Walimlaza siku mbili, akatoka mzima.

Wa tisa alikuwa karani wa benki. Nilimkuta dirishani kwake, nikapanga foleni kama mteja. Nilipomnong'oneza, alitabasamu.

"Fundi, wewe ulipungua kwa hivi hivi. Sasa sisi tukipungua imekuwa sumu?"

"Wifi yangu yuko mahututi."

"Pole. Lakini mimi nimekuwa mnene tangu nizaliwe, na sasa ndiyo kwanza watu wananiona. Usinirudishe kule." Akaita mteja wa nyuma yangu.

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu mlinzi alinishika kiwiko akanitoa nje, kwa adabu, kama anavyotolewa mgonjwa wa akili. Simu yangu hapokei. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, nami huomba lisiwe lake.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya siku kumi. Mfamasia alikuwa amesema kweli, tena kulikuwa na dawa ya pili, ya kumfanya mtu aharishe, ambayo nayo haitumiki tena. Wakaguzi wa dawa walikuja dukani, wakachukua maelezo yangu, wakabeba makopo yote. Nilitia sahihi kila karatasi. Bado naitwa kwao, na nikiitwa nakwenda. Kwa Nyigu walikuta chumba kitupu. Mwezi uliofuata niliona kwenye saluni moja kopo la ukubwa ule ule, lina picha ya limau badala ya jani. Niliwaita wakaguzi nikiwa nimesimama pale pale, mwenye saluni akinisukuma nitoke.

Wifi alipata fahamu siku ya nane. Homa ilikuwa imeshuka, mikono imetulia. Lakini ile mitetemo ilikuwa imevunjavunja misuli yake, na uchafu wake ukaziba figo. Mkojo wake ulitoka rangi ya kahawa, kisha haukutoka kabisa. Wakamuunganisha na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Figo moja imeanza kurudi kidogo, nyingine hawana matumaini nayo. Kilo zimeondoka ishirini na tatu, na zimeondoka na nyama. Daktari wa mifupa alikuja kumtazama, akafunga faili. Mtu mwenye figo hizo hawezi kupasuliwa goti sasa. Kazini wameshaweka mwingine kwenye meza yake.

Nilimwambia mwenyewe. Mume wangu alikuwa amenyamaza, hakutaka kumwongezea dada yake uchungu, na ningeweza kujificha kwenye ule ukimya. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, jua linaingia mpaka kitandani. Nilivuta kiti.

"Wifi, vidonge nilivyokupa ndivyo vilivyokuumiza."

"Najua," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, si yake. "Daktari aliniambia. Hilo nimeshakusamehe. Wewe mwenyewe ulivila. Watu hupeana vitu."

"Kuna jingine. Siku ile daktari aliniuliza. Aliniuliza waziwazi. Nikasema hakuna kitu. Nilinyamaza mpaka kesho yake mchana, na katikati wakakuchoma sindano mbili."

Midomo yake ilikuwa imepasuka, nikataka kuipaka mafuta, nikaogopa kuinua mkono.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Watu. Mdogo wako. Sijui."

"Mimi nilikuwa nimelala pale siwezi kusema," alisema. Alivuta pumzi, akaendelea polepole. "Siwezi kusema hata jina langu. Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu, wifi."

Kisha akageuza uso ukutani. Nilikaa pale, mikono mapajani, mpaka muuguzi akapita akigonga kalamu kwenye chuma cha kitanda, muda umekwisha.

Sasa Wifi anaishi kwetu, kwenye chumba kilichokuwa cha vitambaa vyangu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nafunga duka nampeleka kwenye mashine. Njiani ananiegemea bega, kwa sababu hana pengine pa kuegemea. Anazungumza nami: joto limezidi leo, yule muuguzi mpole hayupo, usisahau karatasi. Mume wangu naye anazungumza, zaidi kuhusu dada yake. Wakiwa wawili sebuleni nawasikia wakicheka, nami nikiingia hawaachi kucheka, ila sauti inashuka. Sijaomba msamaha mara ya pili. Naogopa kwamba kuomba tena ni kumtaka anibebe mimi, na yeye hata ndoo ya maji hawezi kubeba. Asubuhi naamka, nampimia maji yake ya siku nzima kwenye kikombe, kwa sababu hawaruhusu zaidi ya hapo, nampelekea, naye hupokea, hunywa kidogo, hunirudishia.